Herufi Hamsini

Mimi ni karani wa mizani, Kyarumba.
Msimu mzima vidole vyangu vinanuka utomvu
wa buni mbivu, na simu ya chama
nimeivisha mfuko wa plastiki, isije ikalewa.

Kila gunia lina namba, kila namba ina shamba,
kila shamba lina mstari niliouchora kwa miguu:
unazunguka mpaka wote, simu umeitanguliza mbele
kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto,
na huko juu setilaiti inahesabu hatua zako.
Ukiteleza mtaroni, shamba linaota pembe ya ziada.
La mzee Thembo linayo mpaka leo.
Mnunuzi wa Hamburg akibonyeza ataiona,
hatajua kuwa ni goti langu.

Jumanne simu ikawa nyekundu.
Namba 0417: Kabugho, mjane, nusu ekari,
mibuni mia mbili na kumi, nimeihesabu mwenyewe.
Mizani inasema ameleta kilo elfu mbili na mia nane.
Hata ingezaa hadi mizizini
isingefika huko.

Ofisi ya Kasese ikapiga:
"Ifunge namba hiyo. Hiyo ni kahawa ya kuvushwa Mpondwe,
au imetoka hifadhini. Gunia moja tu
litaturudishia kontena zima."
Nikasema ndiyo, bosi.
Nikapanda mlima.

Nilimkuta anachambua maharage.
Hakukana. Akanyoosha ungo upande wa bonde:
kule ni kwa Ithungu, amekodi, hati hana.
Mbambu, shamba limeandikwa jina la mume,
na mume hajulikani aliko.
Biira, siku mliyopita kuandikisha alikuwa leba, Kagando.
Mama mkwe wake aliikimbia simu yako,
akidhani mnapima ardhi ya kuuzwa.
Na Kavira alikuja na vita vya ng'ambo,
anapalilia cha watu, analipwa kwa buni.
"Wote wanavuna. Hakuna anayepokelewa.
Namba mlinipa bure.
Jirani akija kuomba chumvi
utamwambia chumvi ina jina?"

Mama, nikasema, namba si chumvi.
Mwisho wa njia kuna mtu anataka kujua
kikombe chake kimetoka kwenye mti gani.
Akauliza, mkono bado umo kwenye maharage:
"Na yeye, anatuambia kikombe hicho amekinunua shilingi ngapi?"
Nikatafuta ndani ya simu.
Swali hilo halina kisanduku.
Nyamugasani ilikuwa inanguruma kule chini,
maji yote yakienda upande mmoja.

Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la mjukuu,
kurasa za mbele hesabu za kugawanya,
kurasa za nyuma wao sita:
tarehe, kilo, nani kabebewa na nani,
hadi deni la sabuni.
Nikajumlisha mara mbili.
Ilikubaliana na mizani yangu, kasoro kilo tatu.
"Hizo tatu," akasema, "ni za mizani yako."

Usiku, kituoni, nikaifungua 0417.
Funga namba? Ndiyo. Hapana.
Chini yake, Maelezo: herufi hamsini,
na nafasi tupu nazo zinahesabiwa.
Nikaandika:

Si wizi. Ni wanawake sita, namba moja. Nakwenda ku

Hapo ikagoma.
Nikafikiria kufuta "sita". Nikafikiria kufuta "wanawake".
Nikabonyeza Hapana, nikaituma hivyo hivyo,
kitenzi kimekatwa shingo,
nikaichomeka simu kwenye chaji hadi asubuhi.

Mvua ilikuwa imepita, njia yote utelezi.
Nilianzia kwa Ithungu, kona ya mgomba uliolala,
simu mbele, daftari kwapani,
magoti yangu yakijua kinachowangoja.