Saa Tatu ya Mashine

Barka. Kiyoyozi kinanguruma,
chai ya karaki imefanya utando.
Naandika amri moja, herufi chache tu,
na faili la tarehe tisa linafumbuka:
safu za tarakimu, kila dakika kumi mstari,
hazina huruma, hazina chuki.

Mwezi uliopita pampu zilizima,
mitaa mitatu ikaamkia ndoo tupu.
Makao makuu walipiga simu, kwa Kiarabu:
seva ilikwama saa tatu.
Bwana Muhenna, mzaliwa wa Wete,
akahesabu kwa saa za mama yake:
saa tatu, usiku mchanga, zamu ya Suleyum.
Nami nikaitikia.
Suleyum akakatwa posho. Hakujibu,
alichukua kofia yake akaenda.

Nashuka mstari kwa mstari.
21:00. Prosesa imepumzika, asilimia tisini na saba.
21:10. Vivyo hivyo. Diski kimya kama kisima.
Natelemka, usiku wa manane unanipita,
hadi 03:10,
na hapo foleni imefumuka,
diski inahema, kumbukumbu imejaa hadi shingoni,
nakala rudufu mbili zinagombania mlango mmoja.

Tatu ya mashine ni tisa yetu.
Na saa tisa ile
kwenye kiti hiki nilikuwa mimi,
viatu nimevua, nimelala fofofo;
nakala ya pili niliipanga kwa mkono wangu.

Nachapa ukurasa. Unatoka na joto lake.
Kesho nitampelekea Suleyum kwanza,
Bwana Muhenna baadaye.
Sijui nitaanzia wapi.
Labda kwenye saa.