Chanya, Hasi, au Sifuri

Tartu, mwezi wa pili. Maji yameganda ukutani.
Endel mwenye nyumba kazama chini ya sakafu,
kikaushia nywele cha mkewe mkononi.
Kaniachia mfereji wazi na agizo moja:
yakitoka, niite.

Nimevaa visikizi. Nina bomba langu jingine,
lisilo chuma, lisilo kutu:
mdomo mmoja kwenye programu niliyoiandika mwenyewe,
mdomo wa pili kwa bingwa wa aljebra
anayeishi humuhumu, ndani ya kompyuta ileile,
chumba cha pili, mlango umerudishwa.

Mimi najua mbao. Najua theluji ikilala juu ya paa
inavyogeuka kutoka pamba kuwa jiwe.
Mlinganyo wa boriti inayopinda siufungui mimi;
yeye huubambanyua kama ganda la njugu.
Basi sikujidai. Niliandika: mwite, muulize, pokea, endelea.
Mistari minne. Imenila siku tatu.

Siku ya kwanza nilisahau nukta mkato.
Akanyamaza kiungwana, akidhani sijamaliza kusema,
nami nikanyamaza kiungwana, nikidhani anafikiri.
Adabu kwa adabu hadi usiku wa manane.

Siku ya pili alijibu kwa mapambo:
vipeo ghorofani, kistari cha sehemu katikati, kigawanyo chini,
na programu yangu, isomayo mstari mmoja mmoja,
ikaokota kipeo peke yake ikakiita jibu.
Paa la uwanja wa barafu likapewa unene wa mbili.
Mbili nini? Mbili tu.

Leo nimemwambia: sema kwa mstari mmoja, acha urembo.
Nimelisukuma swali, nimehakikisha halikukwama kooni.
Kimya.
Feni inazunguka. Kahawa imepoa.
Dakika kumi, ishirini.
Nikaikata programu, nikamwendea uso kwa uso,
nikampa maneno yaleyale kwa mkono wangu.

Hakuwa amelala. Alikuwa ananiuliza:

a ni chanya, hasi, au sifuri?

Muda wote ule! Swali limesimama mlangoni,
na bawabu niliyemwajiri anajua kupokea majibu tu.

Chanya: boriti inabanwa, mkunjo wake unakwenda kwa mawimbi.
Hasi: inavutwa, inakazika kama kamba ya kuanikia nguo.
Sifuri: inabeba theluji yake, basi.
Mapaa matatu. Na mimi nimeandika a,
herufi safi, isiyomkosea mtu,
nikajisifu kwamba programu yangu yafaa kwa kila paa.

Chanya, nikaandika. Na nukta mkato.
Jibu likadondoka kabla kidole hakijainuka.

Navua visikizi. Chini ya miguu yangu kuna sauti iliyokauka:
Virve! Yanatoka? Virve!
Sinki limejaa hadi ukingoni,
mwiko unaelea, sakafu imeanza kung'aa.
Yanatoka! napiga kelele. Yanatoka!

Kimya kidogo. Kisha, kutoka gizani, pole pole:
tangu lini?