Kiganja Juu ya Ufa

Ithungu amepiga simu kutoka melini.
Hapa Kilembe ni saa tatu usiku;
kwao jua liliondoka mwezi wa kumi na moja
na halina haraka ya kurudi.
"Baba, goti lako?"
Goti lipo, nasema. Ngazi za kanisa linapanda, milima limeiacha.
Kisha kimya, kama kawaida yetu.
Kisha ananiambia habari ya ufa.

Anasema bahari ya huko imevaa barafu
nene kama kimo cha mtu, nyeupe mpaka macho yachoke.
Juu yake, hewa ya kukata masikio.
Chini yake, maji, na maji hayo, baba, ndiyo yenye joto.
Nikacheka. Joto gani la kugandisha samaki?
"Joto ni jina la mwenye zaidi," akasema.
"Ukiwa na shilingi mia mbele ya asiye na kitu, wewe ni tajiri."

Halafu barafu inapasuka.
Ufa mwembamba, mwenye ujana anauruka,
lakini hapo bahari inapumua:
mvuke unapanda kama moshi wa kuni mbichi,
na upenyo ule mmoja unapoteza joto
kuliko uwanja mzima wa barafu unaouzunguka.
Kazi yake ni kushusha kipimajoto na kuandika.
Kila nusu saa. Kwa penseli, maana wino unaganda.

Mimi nimeishi na nyufa miaka thelathini na moja.
Niliwafunga wageni kamba kiunoni
nikawavusha kule juu anakokaa Kitasamba,
na kabla ya kuvusha nililala kifudifudi,
nikavua glovu, nikaweka kiganja juu ya ufa.
Ufa wa kwetu ulitoa baridi.
Baridi ya zamani, yenye harufu ya jiwe.
Mmoja ulimmeza Muhindo; tulipata kofia.
Basi nikamwambia mtoto: ufa hautoi joto.
Akanyamaza.
Niliwahi kumwambia pia, akiwa na miaka kumi na sita,
kwamba mlima haupandwi na msichana.

Usiku ule usingizi ulinipita mbali.
Nikakumbuka turubai: wapagazi wanane pale Bujuku,
tumebanana kama ndizi kwenye chana,
na mmoja anakwenda kukojoa,
anainua ukingo, kiasi cha kupitisha bega tu,
wote tunaamka tukimtukana.
Hakuna aliyelaumu turubai. Tulilaumu ule ukingo.

Alfajiri nikachukua fimbo hadi mdomo wa mgodi,
ule wa shaba uliofungwa,
wenye wavu wa chuma na kufuli isiyo na ufunguo.
Chini Nyamwamba ilisukuma mawe kama mtu anayehama nyumba.
Na pale mdomoni, kweli,
mvuke mwembamba, unatoka, unatoka.
Nikapenyeza mkono kwenye wavu.
Vuguvugu. Kama pumzi ya ng'ombe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ithungu anasema wa huko hujiziba wenyewe:
utando kwanza, kama wa uji uliosahauliwa,
halafu gamba, halafu unakanyagika,
na bahari inabaki na joto lake gizani
hadi barafu ipasuke kwingine.
Ndiyo maana anawahi, na penseli yake.

Safari hii nikapiga mimi. Ikaita mpaka ikakata.
Nikapiga tena.
"Baba? Kuna nini?"
Hakuna. Nimeweka mkono mgodini.
"Halafu?"
Nasikia upepo wa kwao ukikwaruza simu.
Nikasema: ukija, lete kipimajoto kimoja.
Huku juu barafu imebaki kama shuka la mtoto;
ningependa mtu aipime kabla haijaisha,
mtu anayejua.
Salio lilikuwa linakwisha.
"Goti lako, baba," akasema. "Mzigo nitabeba mimi."