Dakika za Mwisho

Duluth. Theluji imeziba mlango wa nyuma.
Nasimama gizani na ufagio, usiku wa tano sasa,
nikisubiri filamu ya zamani iishe.

Mwanzo wake siujui.
Najua jukwaa, bendera,
mgombea ugavana anayetabasamu kabla hajaulizwa,
waimbaji kumi na wanane wakigombea maikrofoni mbili,
na nyuma yao yule mpiga gitaa la besi
asiyepewa hata neno.

Hotuba ikipanda, yeye anakaza uzi.
Umati ukilipuka, anajikuna shingo.
Nampendea hilo.

Leo Bi Lindqvist, mkata tiketi, kaninong'oneza:
"Kesho wahi, uone alivyofika pale."

Nikakataa. Taa zikawaka.
Chini ya viti, bisi,
glavu moja,
na safu ya nyuma, mtu
bado analia.