Moto Uliozimika Mara Tatu

Wageni wakija Jumamosi huoneshwa picha yake ukutani:
mkamuaji, mashavu mekundu, na nyuma yake mlangoni
kijana wa kiwanda cha mbao, kofia mkononi.
Kisha Bwana Sjödin, mkuu wa ghala, hukohoa na kuanza:
Brita-Stina alikuwa akibusiwa,
moto ukazimika, akauwasha, ukazimika tena,
na kwa uzembe wa mapenzi jibini hili likazaliwa.
Wageni hucheka. Hununua vipande viwili viwili.

Mimi sicheki. Mikono yangu ina kazi.
Nageuza magurudumu, kilo kumi na nane kila moja,
leo upande huu, wiki ijayo upande ule,
miezi kumi na minne juu ya mbao za msonobari,
kama anayemgeuza mgonjwa asije akapata vidonda.
Miaka ishirini na sita ya kugeuza
imenifunza kutoamini hadithi inayoiva upesi.

Nani alikuwepo? Ng'ombe. Na ng'ombe hawakuulizwa.

Basi niulizeni mimi mwenye mgongo huu.
Ilikuwa Novemba. Jua la Novemba huku kaskazini
huchungulia kama mdai aliyekuta mlango umefungwa,
likaenda zake.
Mara ya kwanza moto ulizimwa na kuni mbichi;
zile kavu mwenye shamba alikwisha kuziuza mjini.
Mara ya pili Lillros alikuwa anazaa,
ndama katanguliza miguu ya nyuma,
na mkono wa Brita-Stina umezama hadi begani
huku maziwa yakipoa peke yake katika chungu cha shaba.
Mara ya tatu sijui.
Labda alikaa tu juu ya ndoo iliyopinduliwa,
damu ikimkaukia kiwikoni, akatazama majivu
wala asimuwaze mtu yeyote.
Kuna kupumzika kutamu kuliko busu.

Halafu akainuka. Akapasha, akakata mgando,
akakoroga, akapasha, akakoroga.
Kulipokucha alikuwa na kitu cha punjepunje, kisicho na sura.
Hakusema amegundua. Nadhani alisema, bwana ataniua,
akakifunga kitambaani, akakisukuma rafu ya nyuma kabisa,
kule ambako hata panya huogopa baridi.

Kosa likifichwa gizani mwaka mzima
huoza,
ama huwa hivi: gumu, la manjano, lenye vijitundu,
uchungu kidogo ulimini, kisha chumvi,
kisha harufu ya nyasi kavu zilizonyeshewa.

Kusini walijaribu. Maziwa yale yale, vipimo vile vile. Likakataa.
Wataalamu wakaja wakapima ukuta, ukungu, ubao wa rafu;
mmoja akataja kimondo kilichoanguka enzi na enzi
na chokaa iliyobaki udongoni.
Mkono hakuna aliyeupima.

Mama yangu Hildur, Agosti moja, mezani penye kamba wekundu wa mtoni,
alitafuna kipande, akanyamaza, akasema,
"Aliyelitengeneza hili alikuwa amechoka,"
akamenya kamba mwingine.

Saa nne usiku. Nimebakiza rafu moja.
Pichani yule kijana bado yuko mlangoni na kofia yake.
Nikizima taa humwambia:
wewe, umesimama hapo siku zote hizi,
ingia basi. Na ulete kuni kavu.