Askari wa Bure

Gyumri, raundi ya tano, meza ya tisa.
Jiko la mkaa linakohoa pembeni,
theluji imeziba nusu ya dirisha,
nami nimepewa kete nyeupe. Nina miaka sitini na minne
na kalamu mpya.

Zaruhi kaja moja kwa moja kutoka tanurini:
unga kwenye mkono wa sweta, macho mekundu.
Nikajisemea, huyu atasinzia kabla ya saa sita.
(Ndivyo nilivyowaza. Sijifichi.)

Mwanzo ule ule wa siku zote,
wanaofunzwa watoto kabla ya kuzidisha:
askari wa mfalme hatua mbili, na wake mbili;
farasi, farasi; askofu wangu, farasi wake wa pili.
Nikamrusha farasi mbele, mapema mno,
kama mdai anayebisha hodi alfajiri.

Akanitupia askari katikati. Nikamla.
Hakumlipiza.
Akapeleka farasi ukingoni, pale pale
ambapo zamani mwalimu alitupiga rula za vidole,
na mimi, Onik, fundi saa wa mtaa wa stesheni,
nikahesabu: nimemzidi mmoja.
Nikahesabu tena.

Kumbe alikuwa ananunua muda.
Mimi niliyeshinda na muda mezani miaka arubaini,
nikiuchokonoa kwa kibano, sikuutambua.
Askari wake wa pembeni akamfukuza farasi wangu;
wa kati akamfukuza tena.
Na kila nilipokimbia, kete yake moja ilitoka nyumbani,
imelala vya kutosha,
huku zangu zikikanyagana mlangoni
kama wageni wanaogombea viatu.

Hatua ya ishirini na sita, maaskofu wake wawili
walikuwa wakichungulia chumbani kwa mfalme wangu.
Na yule askari wa ziada?
Yupo. Mzima. Amesimama upande wa pili wa ubao,
hana kazi, hana habari.

Rahisi ghali.

Nikamlaza mfalme. Nikaandika sifuri yangu, kisha moja yake.
Hakucheka. Akazirudisha kete hadi hatua ya tano,
akamweka askari wake katikati, hai tena,
akaniuliza: "Mzee, ulimhitaji kweli?"

Nikafikiri.
Nilipoinua uso alikuwa amelala,
shavu juu ya karatasi ya hatua,
saa saba kasorobo.
Saa ya meza ilikuwa bado inagonga,
niliitengeneza mwenyewe Oktoba, haikosei.
Nikaisimamisha, isimwamshe.