Alama Tatu

Kibati cha shaba, hakizidi yai la njiwa.
Nilikisugua mpaka kikanirudishia pua yangu,
kisha nikakipaka utomvu wa kitunguu saumu,
maana shaba ina majivuno, haipokei rangi hivi hivi.
Bibi Josina alinusa, akapiga chafya:
"Sasa imelainika moyo."

Middelburg, mwezi wa barafu.
Dirisha letu latazama kaskazini,
mwanga wake mkavu, haubembelezi mtu.
Mezani magamba ya kome:
hili tone la nyeupe ya risasi,
hili udongo mwekundu,
hili weusi wa mifupa iliyochomwa.
Mimi ndiye msaga rangi.
Naambiwa nisage mpaka jiwe liache kulalamika.

Watu hudhani brashi yetu ni unywele mmoja.
Unywele mmoja haubebi kitu!
Ni mkia wa kindi: tumbo la kushika mafuta,
ncha ya kusema.

Siku ya uso hatufagii.
Chembe ya vumbi shavuni ni gogo.
Hata kikohozi tunakipeleka ngazini.

Marinus Wisse alikuwa ameketi mara mbili tu
homa ilipomchukua.
"Mwondolee ndui," akasema mjane wake, Pieternel.
"Zile alama tatu, chini ya jicho la kushoto."
Basi tukamwondolea.
Kijani cha udongo kwanza, penye vivuli,
rangi kavu chini, yenye mafuta juu,
siku tisa za kungoja, tabaka, kungoja tena.
Shavu likatoka laini kama jibini changa.

Akalishika kiganjani.
"Huyu nani?"
Kidole gumba chake kilikuwa kikipapasa hewani,
karibu, bila kugusa.
"Kidole changu hakimwoni."

Bibi Josina hakubishana.
Akavuta lenzi, akazuia pumzi,
na mimi nikazuia yangu bila kuambiwa.
"Angalia," akaninong'oneza baadaye,
"shimo huweka kivuli upande wa dirisha,
nuru upande wa pili.
Ukikosea, umempa mtu vipele."

Rangi yote aliyotumia
isingelowesha mguu wa nzi.

Pieternel alilipa, hakusema ahsante.
Aliitia picha ndani ya glavu,
akaondoka mkono mmoja ukiwa wazi kwenye baridi ile.
Nami nikarudi kwenye jiwe.
Shaba nyingine ilikuwa inangoja,
na vitunguu saumu vimekwisha.